Sekunde Kumi za Denis

Gazeti la Jumatatu lilifika kwenye baa ya Learco likiwa limeshatukanwa kabla ya kufunguliwa. Pale Castelrovere kila mtu alijua tangu jana kwamba Denis, kijana wa mji, alimaliza mbio za magari akiwa wa kwanza, akamwagiwa mvinyo wa mapovu, akapigwa picha na meya, halafu saa moja baadaye waamuzi wa mbio wakamwongezea sekunde kumi na kumtupa nafasi ya tano. Kombe alikuwa ameshalibusu. Wakamnyang'anya likiwa bado na mate yake.

Saa tatu asubuhi mahakama ilikuwa imekaa. Kila Jumatatu baada ya mbio, baa ile hugeuka mahakama, na majaji wake ni wale wale. Kuna Learco mwenyewe nyuma ya kaunta, mjomba wa Denis, na kwa hiyo siku hiyo alikuwa mlalamikaji, wakili na hakimu mkuu kwa pamoja. Kuna Profesa, ambaye hajafundisha hata kuku. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na jina alipewa kwa ajili ya miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Kuna Sekunde, kinyozi, anayepima kila kitu kwa saa yake ya kubonyeza, pamoja na ndevu za wateja. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushindana na chochote chenye magurudumu, ila hukumu zao hazina rufaa.

Mwisho wa kaunta alikaa Ivano, ambaye wote humwita Bendera. Miaka ishirini na sita amejitolea kusimama kwenye kona za uwanja wa mji na bendera mkononi na filimbi shingoni, mvua kwa jua, kwa malipo ya piadina moja, mkate bapa wenye jibini, na kofia ya kuvaa shambani. Asubuhi hiyo alikuja kwa sababu asingekuja wangejiuliza kwa nini. Kahawa yake ilikuwa inapoa, na roho yake haikuwa na raha hata kidogo.

"Soma, Profesa," Learco aliamuru. "Soma polepole, nataka kukasirika vizuri."

Profesa akavaa miwani. "'Dereva huyo alimpita mwenzake katika kona ya tisa wakati bendera mbili za njano zikipepea. Kwa mujibu wa ripoti ya wasimamizi wa kituo cha tisa...'"

"Hapo! Simama hapo hapo!" Learco alipiga kaunta, vijiko vikaruka. "Kituo cha tisa! Nani huyo wa kituo cha tisa?"

"Mbea fulani," alisema Sekunde.

"Mbea ana afadhali. Huyu ni mchawi. Mtu anasimama nyuma ya ukuta wa matairi, hajui klachi wala breki, anaandika kikaratasi chake, na mwanangu Denis anapoteza kombe!"

"Na wale waamuzi nao wamekaa kwenye kiyoyozi," Profesa alidakia. "Watatu, na hao watatu ukiwajumlisha hupati jicho moja zima. Mimi nimebeba watoto miaka thelathini, nikiangalia kioo cha nyuma tu najua nani katafuna bazoka. Wao wana kamera arobaini na hawaoni kitu!"

"Si wameona, Profesa?" Ivano alisema taratibu. "Ndiyo maana wamemwadhibu."

"Wameona nini? Wameona jina! Wangeona jina la mtoto wa tajiri, saa hizi tungesoma kwamba bendera ilikuwa ya kijani."

Ivano akanywa kahawa iliyopoa. Hawakumuuliza jana alisimama kona ipi. Miaka ishirini na sita huwaambia amesimama kona fulani, na miaka ishirini na sita hawamsikilizi, maana wao huongea. Alikuwa kituo cha tisa. Bendera zile mbili alizipepea yeye mpaka bega likamuuma, na ile ripoti aliiandika kwa mkono wake na kuisaini.

Hilo angeweza kulisema na liishe. La pili ndilo lililomkaba. Bendera mbili zikipepewa pamoja maana yake mtu yuko barabarani na ni marufuku kupitana, na mtu aliyekuwa barabarani jana akiokota bampa la gari lililoserereka alikuwa Mirca, binti pekee wa Learco. Mirca alimaliza kozi ya wasimamizi wa mbio mwezi wa tatu kwa siri. Baba yake aliambiwa anakata tiketi getini. Jana jioni alimshika Ivano mkono akamwambia, "Mzee Ivano, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe." Naye akaahidi.

"Tuliweke mezani," alisema Learco.

Kuliweka mezani ndiyo ibada ya baa ile. Sahani ya biskuti ikawa kona ya tisa. Bakuli la sukari likawa gari lililoserereka kwenye kokoto. Vikombe viwili vikawa magari: cheupe cha mpinzani, na chenye maandishi mekundu cha Denis, kwa sababu Denis hawezi kuwa kikombe cha hivi hivi. Kijiko kikawa bampa lililoanguka katikati ya njia. Learco akachomoa kijiti cha meno, akakisimamisha kwa kukichomeka kwenye kipande cha mkate.

"Na huyu ndiye yule mpumbavu anayeokota bampa."

"Mbona mwembamba?" Sekunde aliuliza.

"Akili yake ndiyo nyembamba. Haya, angalia. Kikombe cheupe kinakuja. Kinapunguza mwendo. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya bendera," alisema Ivano.

"Kwa sababu ya woga! Dereva mwoga huyo, moyo wa kifaranga! Denis anaona nafasi. Denis ni dereva, si padri. Anapita. Huku kijiti, huku kikombe. Nafasi kibao!"

"Nimepima marudio kwenye runinga," alisema Sekunde, akiinua saa yake kama ushahidi mtakatifu. "Kutoka Denis kuingia kona hadi kumpita yule wa bampa, sekunde moja nukta nane. Sekunde moja nukta nane, mtu mzima hawezi kuruka pembeni?"

"Wewe ukiambiwa uondoke kwenye kiti chako inakuchukua robo saa," Ivano alimjibu.

Profesa alicheka, akaona Learco hacheki, akaacha.

"Na hata angemgonga," Learco aliendelea, sauti imempanda, "lawama ni ya nani? Nani alimtuma kusimama barabarani mbio zikiendelea? Akae nyumbani afume soksi!" Akakipiga kijiti kwa kidole. Kikaruka juu ya kaunta, kikaangukia sakafuni karibu na mlango. "Basi. Imeisha hiyo. Mbio zinaendelea."

Ivano alikitazama kile kijiti pale chini. Jana alimwona Mirca akijirusha juu ya ukuta wa matairi, bampa mikononi, na upepo wa gari la Denis ukiipeperusha kofia yake. Usiku kucha hakulala. Alitaka kumkamata Learco shingoni na kumpigia kelele jina la mwanawe masikioni.

"Profesa, toa barua," alisema Learco.

Profesa akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa zamani, kwenda kwa chama cha mbio cha mkoa. Akaisoma kwa sauti ya kanisani: kwamba waamuzi ni vipofu, wazembe, vibaraka, watu wasiostahili kuamua hata mashindano ya kuvuta kamba ya wajane, kwamba sekunde kumi ni wizi wa mchana kweupe, na kwamba kuna shahidi wa ndani, mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita, atakayethibitisha kuwa bendera hazikupepewa.

"Shahidi gani?" Ivano aliuliza, ingawa kalamu ilikuwa imeshawekwa mbele yake.

"Wewe, kaka," alisema Learco, na sasa sauti yake ilikuwa laini. "Wewe ni mtu wa kule. Ukisaini wewe, wanaifungua kesi upya. Sisi watatu watatuona walevi."

"Ni kweli watatuona walevi," alisema Profesa.

"Saini tu hapo chini, Bendera. Hata kusoma usisome."

Ivano aliisogeza kalamu pembeni. "Sisaini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zilipepewa. Nilipepea mimi."

Learco aliinama juu ya kaunta, akamsogelea uso kwa uso.

"Wewe?" Learco alisema.

"Mimi. Kituo cha tisa ni mimi. Ripoti niliandika mimi. Yule mwenzake alipunguza mwendo kwa sababu aliniona, na Denis aliniona pia, maana nilikuwa karibu naye kama ulivyo wewe na lile friji."

"Umekaa hapa nusu saa unakunywa kahawa yangu!"

"Imepoa."

"Msaliti!" Sekunde alisimama, na safari hii hakuchukua robo saa. "Mimi nakunyoa kichwa hicho miaka kumi na nane! Kumbe nanyoa kichwa cha adui!"

"Mbwa mwenyewe hamng'ati wa kwao," alisema Profesa. "Na wewe mtu unayetembea na filimbi!"

"Ungeweza kufumba macho," Learco alisema. Uso ulikuwa mwekundu. "Sekunde mbili tu, Ivano. Ukapenga kamasi. Ukafunga kamba ya kiatu. Mtoto tumemlea hapa hapa, kafanyia kazi za shule juu ya meza ile. Na wewe unamwandikia ripoti kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mpumbavu mmoja tusiyemjua hata jina!"

Ivano alifungua mdomo. Jina lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Kulikuwa na mtu barabarani," alisema tu. "Kukiwa na mtu barabarani, mimi sina kamba ya kiatu."

"Toka," alisema Learco. "Kahawa ukanywe kwa waamuzi."

Ivano alichukua kofia yake. Alipogeuka, Mirca alikuwa amesimama mlangoni na koti jeupe la duka la dawa anakofanya kazi. Ilikuwa saa yake ya kuja kunywa kahawa. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi. Akainama, akachechemea kidogo kwa goti, akaokota kile kijiti cha meno, akaja nacho hadi kaunta, akakichomeka tena kwenye kipande cha mkate, pale pale kilipokuwa, kati ya kijiko na kikombe chenye maandishi mekundu.

"Mzee Ivano hajui kusema uongo, wala hajui kutoa siri ya mtu," alisema. "Huyu ni mimi, baba."

"Nani wewe?"

"Mpumbavu."

Learco alikitazama kijiti, akamtazama binti yake, akakitazama tena kijiti. "Wewe ulikuwa getini. Tiketi."

"Sijakata tiketi hata moja maishani. Goti hili sikuumia kwa kuanguka ngazini kama nilivyokuambia. Nimeruka ukuta wa matairi."

"Alipita..." Learco alikohoa. "Denis alikupita umbali gani?"

Mirca akanyoosha mkono juu ya kaunta. Vidole vyake vilikomea kwenye fundo la aproni ya baba yake, na hakuhitaji kunyoosha sana.

"Na ningekuwa bado nimeinama kama si mzee Ivano. Alikuwa anapepea bendera zote mbili, mara apulize filimbi, mara aniite kwa jina. Ndiyo nikaruka."

Learco aliketi juu ya kreti la maji. Rangi ilimtoka usoni yote kwa mara moja, akaificha mikono yake mikubwa chini ya aproni. Aliogopa, na aliogopa waziwazi, mbele ya wateja. Mirca akazunguka kaunta, akamwekea mkono kichwani. Sekunde alijikuta amebonyeza saa yake, akaona aibu, akaizima. Ivano alibaki na kofia mkononi, hajui kama bado amefukuzwa.

Ilichukua kama dakika mbili. Kisha rangi ya Learco ikaanza kurudi, na ilirudi nyekundu kuliko ilivyoondoka.

"Sekunde kumi?" alisema.

"Baba..."

"Sekunde kumi? Mtu anataka kuniulia mtoto, wanampa sekunde kumi? Kumi? Hizo hazitoshi hata kupiga chafya mara mbili! Walikuwa wanaangalia nini hao watu?"

"Hawana macho," alisema Sekunde upesi, amefurahi kupata pa kushika. "Mimi tangu mwanzo niliona Denis alipita vibaya."

"Mwaka mzima!" Learco alisimama. "Wangemfungia mwaka mzima! Leseni wakate vipande! Na yule mama yake, dada yangu, nitamwambia, amezaa muuaji! Profesa, ile barua!"

Profesa alikuwa ameshaikunja aichane. Akaifungua upya. "Niandike nyingine?"

Learco akaichukua, akaisoma toka juu hadi chini midomo ikicheza. "Nyingine ya nini? Hapa penye 'wizi wa mchana kweupe,' weka 'huruma ya kijinga.' Hapa penye 'hazikupepewa,' weka 'zilipepewa na shujaa.' Matusi yaache kama yalivyo."

"Hata 'vipofu'?"

"Hasa 'vipofu.'"

Profesa akafuta, akaandika, akapuliza wino. Kalamu ikarudi mbele ya Ivano, na safari hii kwa heshima, Sekunde akimvutia kiti.

"Wewe wa kwanza, shujaa," alisema Learco. "Saini."

Ivano aliisoma barua mpaka mwisho, kitu ambacho hakuna aliyetegemea. Kisha akaisukuma taratibu.

"Sisaini."

"Na hii pia?"

"Kupita chini ya bendera mbili, kitabu kinasema sekunde kumi. Wamempa sekunde kumi. Wameamua sawa."

Learco alimtazama kwa dharau yote aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya waamuzi. Akamgeukia binti yake, kidole kikimwelekea Ivano.

"Unamsikia? Unamsikia kichwa kigumu huyu? Na huyu ndiye mtu uliyekwenda kumkabidhi roho yako!"

"Ndiyo, baba," alisema Mirca. "Na nimerudi nayo."