Jinsi Eduvina Colque Alivyolipangusa Dirisha la Darubini

Sogeeni, enyi mliojaliwa masikio, na anayetafuna ameze kwanza. Kwani leo hasimuliwi mteka miji wala mvunja ngome, bali Eduvina Colque, binti wa kijiji cha Toconao, fundi wa mitambo, simba jike wa bisibisi, aliyepanda ngazi ya vipago tisa katika nyanda za juu za jangwa la Atacama, mahali ambapo hewa ni haba na maprofesa ni wengi.

Zama hizo darubini ya kambi ya wanasayansi huko, ichunguzayo mwanga mkongwe kuliko nyota zote, ilionyesha alama iliyojisokota. Profesa Baltazar Irarrázaval, jemadari wa kambi, akatamka kwamba hayo ndiyo mawimbi ya uvutano yaliyoutikisa ulimwengu ulipozaliwa. Tena si mawimbi ya kawaida, bali yaliyochapwa na nyuzi za ajabu zilizotanda angani, ambazo yeye peke yake alikuwa akizitabiri kwa miaka ishirini. Waandishi wa habari wakaalikwa waje Ijumaa. Kufikia Jumatano makala kumi na moja zilikuwa zimekwisha andikwa.

Ila Eduvina alikuwa ameona jambo. Kila alipoizungusha darubini kwenye mhimili wake, alama nayo ilizunguka, kama doa la miwani lifuatavyo kichwa. Aliomba saa moja mtambo usimame, akague dirisha lake la plastiki, lipitishalo mwanga huo. Wataalamu wakamjibu kwa upole kwamba huenda nyuzi hizo, kwa maumbile yake, hupenda kuzunguka. Na makala ya kumi na mbili ikazaliwa papo hapo.

Basi mchana wa Jumatano hiyo, mbele ya mkate na parachichi, majemadari wawili wakakabiliana.

"Doña Eduvina," alisema Profesa, "mbingu zinaongea nasi, wewe unataka kuzikatiza kwa tambara?"

"Mbingu hazigeuzi shingo nikikaza skrubu, don Baltazar."

"Haya, chukua saa yako. Ukilikuta dirisha safi, unashuka mlimani leo leo, na usirudi."

Eduvina aliusogeza mkate kando. Miaka kumi na tisa alikuwa ameilea darubini ile, na huko bondeni hakukuwa na kitu kilichomngoja ila kuwauzia watalii kofia za sufu. Kisha akainuka, akajitwika mtungi wa oksijeni mgongoni kama ngao, akashika kitambaa kama upanga na chupa ya spiriti kama pembe ya vita; akapanda, upepo ukimtukana kwa kila kipago, moyo ukimdunda kama ngoma ya msiba, hata akafika kileleni, akainama, akatazama.

Halafu akawaita, bila kupaza sauti.

"Njooni muone nyuzi zenu. Zina vidole vitano."

Palikuwa na kiganja kizima, kimechapwa kwa mafuta ya kukinga jua. Wataalamu wakaitazama mikono yao, mmoja baada ya mwingine. Profesa akautia wake mfukoni.

Eduvina akapangusa mara mbili. Asubuhi yake alama haikuwapo. Ijumaa waandishi walihutubiwa juu ya umuhimu wa usafi. Nazo makala kumi na mbili hazikufutwa, zilibadilishwa vichwa tu.

Na iandikwe basi, miongoni mwa siku kuu za ulimwengu, ikitanguliwa na ule mwanzo wenyewe tu: Jumatano moja, baada ya chakula cha mchana, nyuzi zilizotikisa mbingu zilikutana na kitambaa cha Eduvina Colque, na kitambaa kikashinda.