Zipu Mgongoni

Idara ya Ukavu wa Wananchi ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili asubuhi, hakuna mwendesha pikipiki yeyote wa Eastlands, Nairobi, atakayeloweshwa na mvua bila idhini ya maandishi.

Sentensi hiyo ilikuwa ya Kyule, naye aliipenda. Ilikuwa imepitia rasimu tisa. Katika rasimu ya saba mvua iliombwa ishirikiane na Idara, lakini mwanasheria akashauri kwamba mvua haiwezi kutia sahihi, wakaifuta. Kyule alikuwa Katibu wa Kamati ya Uteuzi wa Koti. Baada ya miezi kumi na minne ya vikao, sambusa na ziara moja ya mafunzo ambako hakukunyesha hata tone, Kamati ilikuwa imeteua koti.

Tuseme ukweli, kazi hiyo si ya mchezo. Mtu wa kawaida akitaka koti la mvua huenda kwa mitumba, hujaribu linalomtosha, hulimwagia kikombe cha maji aone kama yanapenya, kisha huondoka nalo. Serikali haiwezi kufanya mambo kiholela namna hiyo. Kwanza ilibidi maji yafafanuliwe. Hilo lilichukua vikao vinne. Mwishowe Kamati iliafikiana juu ya koti zito la mpira, rangi ya chungwa, lisilopitisha maji kutoka upande wowote, mikono yake ikibanwa kwa lastiki. Saizi ilikuwa moja, saizi ya kitaifa. Kofia ya koti iliwekwa katika awamu ya pili.

Lakini fahari ya Kyule ilikuwa zipu. Aliishi Jericho, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji, na kwa miaka miwili aliyempeleka kazini Kariobangi alikuwa jirani yake Awiti, mwanamke wa boda asiyependa maneno mengi kabla ya chai. Baridi ikiuma au manyunyu yakianza, Awiti alipanda pikipiki, akampa mgongo na kusema, "Baba Mukai, nifungie zipu." Kyule alifunga. Njia nzima pua yake ilikuwa hapo hapo, karibu na zipu. Alipoangalia kushoto na kulia, aliona waendeshaji wengine nao wako vivyo hivyo.

Hakuuliza mtu, kwa sababu kuuliza huharibu utafiti. Aliandika kwenye ripoti: "Imebainika kwamba makoti bora ya waendesha pikipiki yana zipu mgongoni. Changamoto iliyopo ni kwamba mwenye koti hawezi kujifungia."

Mkurugenzi Gordon Obonyo aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akavua miwani.

"Kyule," alisema, "hii ni kada mpya."

Ndivyo walivyozaliwa Maafisa Wafunga Zipu, Daraja la Tatu. Wa kwanza kuhitimu alikuwa Bi. Nakhumicha, baada ya mafunzo ya wiki tatu, mbili za nadharia. Kyule akapewa heshima ya kuandika kanuni. Aliandika kwamba chombo chochote cha usafiri ambacho mwenyewe atapatikana amevaa koti lenye zipu mbele kitazuiliwa. Angeweza kuandika "pikipiki", ila "chombo chochote cha usafiri" kilikuwa na uzito. Mwenye chombo angerudishiwa akifika mbele ya Mkurugenzi huku zipu iko mgongoni. Asipofika kufikia Jumamosi jioni, chombo ni mali ya Idara.

Jumatatu yenyewe kulikuwa na jua. Awiti alimshusha Kyule langoni pa Idara saa mbili na dakika tano, koti lake limefunguliwa nusu, zipu mbele kama ya mtu yeyote. Soja wa lango, Mulwa, alikuwa mtu ambaye hajawahi kuelewa kitu zaidi ya kilivyoandikwa. Alichomoa ufunguo wa pikipiki.

"Zipu iko mbele," alisema.

"Si nageuza tu," Awiti akajibu. Alivua koti, akaligeuza, akaingiza mikono, akampa Kyule mgongo. "Baba Mukai, funga tumalizane na huyu."

Kyule hakufunga.

"Unageuza?" aliuliza.

"Kwani ulifikiria imeshonwa hivi? Hii ni koti ya mtumba, kama yako. Tunavaa nyuma mbele ndio upepo na maji isipenye kwa zipu ikupige kifua. Jua ikitoka unarudisha. Miaka miwili unanifungia, na hukujua?"

Kyule alianza kuhesabu kwa vidole. Miezi kumi na minne, kada moja nzima, bango la mita sita huko nje, na hakuna hata mjumbe mmoja wa Kamati aliyegeuza koti.

"Kosa limeshaingia kwa kitabu," Mulwa alisema. "Ukigeuza sasa, kwangu hiyo ni koti ya pili."

Awiti alimtazama Kyule, si Mulwa. "Mimi sina kazi ingine. Hiyo nduthi ikienda, mtoto wangu Austine anatoka shule na mimi narudi ushago kulima. Wewe ni mtu wa ndani. Fanya kitu."

Hadi jioni pikipiki sitini na tatu zilikuwa zimejaa uani. Kyule alirudi Jericho kwa miguu, akiona haya. Alipopita karibu na mlango wa Awiti alijifanya anasoma simu.

Jumatano alijikaza, akaingia kwa Mkurugenzi.

"Mkubwa, kuhusu yale makoti. Inaonekana wanayageuza."

"Nani anayageuza?"

"Waendeshaji. Zipu iko mbele, wao ndio wanaivaa nyuma."

Mkurugenzi Obonyo aliweka kalamu chini taratibu. "Kyule, ripoti ni yako. Unataka niende mbele ya waandishi wa habari niseme utafiti wa Idara ulivaliwa kinyume?"

"Hapana, mkubwa."

"Basi."

Ijumaa jioni Kyule aligonga mlango wa Awiti. Hakukaribishwa kuketi, na aliona ni haki. Alisimama akashika kofia, akamsomea kanuni yake mwenyewe, neno kwa neno, akarudia mara mbili mahali pa zipu. Awiti alikunja uso, kisha akaanza kucheka polepole.

"Kwa hivyo haijasema koti gani," alisema.

"Haijasema. Waambie wote."

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi saa tisa alasiri, uwanjani Jericho, karibu na soko. Mkurugenzi alipanda jukwaani akiwa ndani ya koti lililoteuliwa, ambalo hadi siku hiyo lilikuwa moja tu duniani. Bi. Nakhumicha alimfunga zipu kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, watu wakapiga makofi. Kisha mvua ikaanza, na Mkurugenzi akafurahi waziwazi.

"Ndugu wananchi," alisema, "hili koti halipitishi maji kutoka upande wowote."

Alisema kweli. Kwa kuwa kofia ilikuwa awamu ya pili, maji yaliingia shingoni, na yakishaingia hayakupata pa kutokea. Mikono ya koti ilivimba. Kila alipoinua mkono kusisitiza jambo, maji yalimrudi kwapani, naye akaushusha upesi. Kutoka mahali alipokaa, Kyule alisikia gambuti za Mkurugenzi zikijaa maji.

Hapo ndipo Awiti alipojitokeza, na nyuma yake wenzake sitini na wawili. Kyule alisimama, akasoma kanuni kwa kipaza sauti. Alipofika kwenye "huku zipu iko mgongoni", Awiti aligeuka. Wote wakageuka. Migongo sitini na mitatu ilimtazama Mkurugenzi, kila mmoja na zipu yake, mingine na pini, mmoja umefungwa kwa waya.

Waandishi wa habari walipiga picha. Mkurugenzi hakuwa na la kufanya ila kukagua. Alipita mgongo mmoja baada ya mwingine, akitoa sauti ya chubwi chubwi kila hatua, na kwa kila mgongo Mulwa alimrudishia mtu ufunguo wake. Awiti alipopata wake aliufumbata, akafumba macho kidogo.

Mkurugenzi aliporudi jukwaani midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Nakhumicha," alinong'ona. "Fungua."

"Mkubwa, barua yangu inasema kufunga," Bi. Nakhumicha alisema kwa heshima. "Kufungua ni kada nyingine. Nafasi haijatangazwa."

"Nani alizitenganisha?"

"Ni wewe, mkubwa. Ukurasa wa sita."

Hakuna afisa mwingine aliyesogea, maana ukurasa wa saba ulieleza adhabu. Mkurugenzi akaona ajisaidie. Alivuta mikono yake ndani ya koti na kuanza kulizungusha mwilini. Saizi ya kitaifa ilikuwa pana, likazunguka vizuri. Kichwa kilipotea, kikarudi. Mwishowe zipu ikafika kifuani, naye akaishika kwa vidole viwili na kushusha pumzi.

Mulwa alikuwa amesimama mbele yake na kitabu.

"Zipu iko mbele," alisema, akanyoosha mkono apewe ufunguo wa gari.

"Mulwa, mimi ni Mkurugenzi."

"Imeandikwa chombo chochote, mkubwa. Na nimeshaandika."

Mkurugenzi alimtafuta Kyule kwa macho. Kyule alikuwa ameinama, anachukua kumbukumbu.

Gari jeupe la Idara lilienda uani. Mkurugenzi alivua koti, akasimama kando ya barabara katika suti iliyolowa, na kwa muda mrefu hakuna aliyesimama. Mwishowe Awiti, aliyekuwa akirudi kutoka uani, alimwonea huruma, akasimamisha pikipiki.

"Panda, mzee. Utashikwa na nimonia."

Obonyo alipanda nyuma, pua karibu na zipu ya koti la mtumba, iliyokuwa imeshuka nusu. Injini iliunguruma, lakini Awiti hakuondoka.

"Sasa nifungie zipu," alisema.

Mkurugenzi aliangalia kushoto na kulia, akaivuta juu. Chini ya mwavuli, Kyule alifungua ukurasa mpya na kuandika: "Utekelezaji umeanza ngazi za juu. Mhusika hajapata mafunzo, lakini anaonyesha bidii."