Nilikwenda Kuposa, Nikapewa Baruti

Jumatatu, 2 Agosti 1937. Saboti.

Leo nimekwenda kuposa. Nimerudi nikiwa mwanafunzi wa kujaza risasi.

Niandike polepole, moyo utulie. Mpango ulikuwa mzuri. Rispah, binti wa Mzee Wekoye, nampenda tangu alipoleta gauni lake nilipanue, akaniambia mshono wangu umenyooka kuliko maneno yangu. Kwa desturi yetu kijana hajiposei. Hutuma mtu. Mtu wangu ni baba mdogo Festus, maana baba alikwisha fariki. Lakini baba mdogo akianza kusema, hamalizi! Alipokwenda kumwombea binamu yangu mke kule Kamukuywa, alianzia ukoo wetu ulipovuka mto, akafika kwa ndama aliyepotea enzi za babu, wakagombana juu ya ndama. Binamu mpaka leo anajipikia. Nikasema, la! Nitakwenda mwenyewe.

Nikamkuta mzee ameketi nje ya nyumba, mbele yake meza imejaa maganda ya shaba. Zamani alikuwa askari wa KAR katika vita vya Mjerumani. Sasa analinda mahindi ya mzungu wa shamba hili, nyani wasiyamalize. Bunduki ni ya bwana. Maganda yakitumika, mzee huyajaza tena. Nikavua kofia. Nikamwambia nimekuja juu ya mahari.

Ole wangu na ulimi wetu sisi watu wa Bungoma! Hauchagui kati ya mahari na mahali. Na nani angefikiri kijana amejileta mwenyewe kwa neno la mahari? Mzee aliweka chini ganda alilolishika. Kisha akasema mahali papo, tena pa kutosha, akanisogezea kigoda. Ati amekuwa akitafuta mtu wa kumsaidia. Alifurahi sana. Nimsahihishe vipi mtu aliyefurahi hivyo? Nikakaa. Nimeshinda nikisugua maganda kwa majivu. Rispah alipita na mtungi, akaniona, akauma midomo asicheke.

Jumatano, 4 Agosti

Mikono yangu myeusi. Mwenye duka ninapowekea cherehani anauliza kama nimeanza kuchoma makaa.

Nimejifunza utaratibu. Fataki, kile kidude cha kuwasha baruti, kwenye kitako cha ganda. Baruti. Kizibo. Marisau, zile chembe ndogo za risasi. Kizibo tena. Mzee anasema kazi hii inataka mikono miwili na mdomo uliofungwa. Mimi! Mdomo uliofungwa!

Jambo moja nimeliona. Mzee hatazami kipimo cha baruti. Anapitisha kidole gumba juu yake, polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Nikamuuliza juu ya macho. Akasema yana ukungu kidogo, asubuhi tu. Ilikuwa mchana, jua kali.

Rispah alinisindikiza hadi njia panda. Akaniomba nisimwambie mtu. Akasema baba yake haombi kitu kingine, ila amwone bintiye ndani ya gauni la arusi kabla ukungu haujafunga. Nilisema moshi wa jikoni umeniingia machoni. Tulikuwa barabarani, hakuna jiko.

Kabla sijaondoka kwa mzee alikuja Rotich, askari wa wanyamapori, mpiga shabaha anayesifiwa mpaka Kitale. Kumbe huja mara kwa mara kunywa chai na kuzungumza bunduki na mzee. Alikalia kigoda changu. Akasifu chai ya Rispah. Mara mbili! Huyu mtu simpendi.

Ijumaa, 6 Agosti

Ushindi! Halafu balaa.

Mzee alisema kizibo bora hutoka katika kofia kuukuu ya sufu. Nikawaza, si mimi ni fundi nguo bana? Hapa Rotich hanipati. Nyumbani ilining'inia kofia ya baba mdogo, imefifia, ina tundu juu. Yeye amelala. Nikaikata yote, vizibo vya mviringo, hata mwezi hauwi mviringo hivyo. Mzee alivipapasa kimoja kimoja. Akasema hajashika vizibo vizuri namna hii tangu vitani. Alinishika bega. Nilijiona mrefu.

Jioni baba mdogo akaitafuta kofia. Kumbe ndiyo kofia yake ya kwendea posa! Nikasema, ile yenye tundu? Akasema tundu ni la kupitisha hewa, kichwa chenye maneno mengi hupata joto. Amekataa kula nami. Amekataa pia kunisemea kwa mtu yeyote, maishani mwangu mwote.

Haidhuru. Si ninajisemea mwenyewe?

Jumamosi, 7 Agosti

Aibu. Aibu tupu!

Nyani walishuka, na mzee akaniheshimu mbele ya wote: akatia risasi niliyoijaza mimi. Rotich yupo. Rispah yupo. Mzee akavuta. Bunduki ikasema "kho". Ilikohoa! Marisau yakadondoka hatua chache mbele ya viatu vya mzee. Nyani dume akageuka, akatutazama, akaendelea kumenya hindi.

Rotich alicheka mpaka akashika nguzo. Akauliza nani ataenda kumpa nyani pole. Rispah naye akacheka, jamani, akajifunika uso kwa leso. Mzee peke yake hakucheka. Akasema risasi yake ya kwanza nayo ilikohoa, kwa sababu aliogopa baruti akaipunja. Akaniambia niende nikapumzike.

Sikwenda mara moja. Walipokuwa ndani wakinywa chai, nilijaza nyingine. Vipimo viwili! Nikaichanganya na nyingine katika mkanda wa mzee. Nyani akirudi, risasi hiyo itanguruma hadi Mlima Elgon, na Rotich atakosa la kusema.

Jumatatu, 9 Agosti

Mwandiko huu mbovu nisameheni, sijui hata naandikia nani.

Asubuhi Rotich alileta suruali niitie kiraka. Alingoja amejifunga shuka. Tukazungumza, na lazima nikiri, ni mtu mwema. Ana wake wawili na hataki wa tatu; kinachomleta kwa mzee ni urafiki tu. Nikaanza kumpenda. Kisha akasimulia habari za mtu mmoja huko mlimani aliyejaza baruti maradufu. Bunduki ilipasuka. Yule mtu sasa anakula kwa mkono wa kushoto.

Sindano ikasimama. Nikauliza mzee yuko wapi. Akasema shamba la chini, nyani wameshuka tena.

Nilikimbia. Suruali ya Rotich mkononi! Nilipasua mahindi, majani yakinikata uso, nikipiga kelele, baba, usipige, usipige, nimetia mbili! Nilimwona amekwisha inua bunduki. Ee Mungu. Sikuwaza Rispah, sikuwaza posa. Niliwaza kile kidole gumba tu.

Mzee akaishusha. Nyani walikuwa wamekwisha kimbia, wameogopa kelele zangu. Nikaanguka miguuni pake nikasema yote: vipimo viwili, kikohozi, Rotich, wivu, Rispah, na kwamba siku ile sikuja kutafuta kigoda. Nilijua nimemkosa Rispah. Nililia waziwazi, na hapo palikuwa na mahindi tu, sikutaja moshi.

Hakunipiga. Tulirudi mezani tukafungua risasi zote za mkanda, moja moja, kwa kuwa sikujua ni ipi. Tulipoipata yenye wingi, akaiweka baruti yake kiganjani mwangu ili niuhisi uzito. Ndipo akasema.

Akasema siku ile alinisikia vizuri sana. Macho ndiyo yana ukungu, si masikio. Lakini kijana aliyejileta peke yake kwa neno la mahari, kwa desturi hapewi jibu. Angenijibu neno hilo, angelazimika kunifukuza, nami nisingethubutu kukanyaga tena mlango wake. Kwa hiyo akalijibu neno la pili, lililo jirani yake, nipate njia ya kukaa. Alitaka kunijua. Akasema sasa amenijua: nina haraka ya kijinga, lakini leo hiyo haraka imemwachia yeye mzee vidole vyake vyote kumi. Hivyo ndivyo alivyosema. Kisha akasema nimwite baba mdogo Festus.

Rotich alifika jioni, bado na shuka, akidai suruali yake.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimempigia baba mdogo magoti. Nimemshonea kofia mpya ya kaki, nzuri, ila nimezoea makoti, nimeitia mfuko pembeni. Amekubali kwa sharti moja: ataanzia mtoni. Nikasema, baba mdogo, anzia popote.

Jumamosi, 14 Agosti

Baba mdogo na wenzake wamekwenda kuposa. Mimi nimebaki nyumbani kama inavyopaswa, nikatembea uani mpaka kuku wakanichoka.

Baba mdogo alisema tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Alivuka mto. Akafika kwa ndama. Na Mzee Wekoye, badala ya kugombana, akauliza yule ndama alikuwa wa rangi gani! Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Baba mdogo amerudi na machozi, anasema ule ni ukoo wa watu.

Wakamwita Rispah, wakamuuliza. Akasema anakubali. Alikubali tangu siku ya gauni, ila alitaka kuona nitachukua muda gani kuzunguka. Nina furaha mpaka kifua kinauma. Ninaimba peke yangu, na baba mdogo amenivumilia.

Jumapili, 15 Agosti

Leo kanisani mzee alipapasa ukuta akitafuta mlango. Nilikwenda nikamshika mkono. Akasema fundi wa kanisa hili alikuwa mlevi, amehamisha mlango. Tulicheka wote wawili. Hakuuachia mkono wangu hadi kwenye benchi.

Gauni nitalishona mwenyewe. Jeupe kabisa, jeupe la kuonekana hata kwenye ukungu.

Lakini mchungaji anasema ndoa hutangazwa Jumapili tatu, kisha kungojwe mavuno. Mavuno! Ukungu haungoji mavuno. Basi nimepanga. Matangazo yote matatu yasomwe katika ibada moja: mwanzo, katikati, mwisho. Neno gani limevunjwa hapo? Baba mdogo anasema jambo kama hilo hupelekwa na wazee wa kanisa, wala si na bwana arusi mwenyewe. Wazee wa kanisa! Si watalizungumza mpaka Krismasi?

Nitakwenda kwa mchungaji kesho asubuhi, kabla hajanywa chai. Peke yangu.