Nilivyoutafuta Upungufu wa Damu

Jumamosi, 19 Oktoba

Zeituni zimeiva. Msiba!

Mama mkwe, Hajja Fidda, amepiga simu kabla sijanywa hata kahawa. Ametangaza kwamba Ijumaa ya tarehe mosi ukoo mzima ushuke shambani kuchuma, na kwamba mimi ni wa kwenye ngazi. Kila mwaka mimi ni wa kwenye ngazi. Mwaka jana nilidondoka nikatua katikati ya turubai, zeituni zikaniingia hadi masikioni, na mpaka leo kuna watu hapa mjini Salt wakiniona wanainama kucheka.

Lakini mwaka huu yupo mtu ambaye hapandi. Awni! Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Amepimwa damu akakutwa na upungufu wa vitamini D, na sasa amekuwa sultani. Anawekewa kiti uani aote jua. Anamenyewa mayai. Leo amepita mlangoni kwangu akitembea polepole kama bibi harusi. Nikamuuliza hali.

“Uchovu, Abu Majdi,” akasema, akiniita baba kwa jina la mwanangu. “Uchovu wa ndani ya mifupa. Wewe mzima, huwezi kuujua.”

Mimi mzima! Mimi ambaye nikila mchana lazima nilale mpaka alasiri!

Nimekata shauri. Na mimi nitapimwa. Na upungufu wangu utakuwa mkubwa kuliko wake.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeanza kuchoka rasmi.

Wakati wa kifungua kinywa nimekiachia kijiko kianguke, kama mtu aliyeishiwa nguvu za vidole. Mke wangu Inaam hakuona. Alikuwa amesinzia wima, kipaji cha uso kakiegemeza kwenye mlango wa jokofu. Nikakiangusha tena, kwa kishindo. Akashtuka, akakiokota, akaniomba radhi. Nimeoa mwanamke mwema lakini si mtazamaji mzuri.

Nikamwambia nimechoka mifupa. Akanipa pole, akashuka barabarani kuuchukua mtungi wa gesi.

Mji huu ulijengwa na mtu aliyeyachukia magoti. Kutoka barabarani hadi kwetu ni ngazi tupu. Nilimwangalia kwa dirishani. Anapanda kidogo, anaketi. Anapanda kidogo, anaketi tena, mkono kifuani. Alipofika nikamuuliza mbona amekawia hivyo na mimi nangojea chai. Akasema alikuwa anatazama mandhari. Kaishi hapa maisha yake yote na mandhari bado hajaimaliza!

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Hikmat mfamasia. Nikamwambia nina rafiki anayetaka kuyajua mambo yanayompunguzia mtu nguvu mwilini, ili ayaepuke. Hikmat ni mtu mwenye moyo. Alinieleza yote. Chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Asiyeona jua anakosa vitamini D. Asiyekula nyama wala mayai wala maziwa hukosa ile vitamini nyingine, B12, na akili yake huingia ukungu.

Nikamshukuru hadi akaona haya. Kisha akanipa salamu za yule rafiki yangu, akasema nimwambie aache chai.

Mchana nimekula dengu kwa birika zima la chai. Jioni nimetoka na mwavuli. Mbingu nyeupe, hata wingu la dawa hakuna. Majirani wameuliza kama nimepata habari za mvua.

Kero nyingine: Inaam anatafuna barafu. Kutwa! Krach, krach, krach. Nalala mchana nahisi kuna punda anatembea juu ya kokoto ndani ya kichwa changu. Nimemwambia hiyo si tabia ya mtu mzima. Akacheka, akasema roho yake inataka tu, hajui kwa nini. Akaendelea.

Ijumaa, 25 Oktoba

Naandika nikiwa nimelala. Si uchovu. Ni huzuni.

Tumekula mansaf kwa mama mkwe. Kondoo mzima juu ya wali, mchuzi wa mtindi unashuka pembeni kama mito ya peponi. Nami nikakataa nyama! Nikasema sina hamu, kwa sababu ya uchovu. Nilikuwa nimelitazamia bega. Bega lilikuwa mbele yangu. Awni akaunyoosha mkono wake wa kulia akalichukua.

“Nyama ni dawa,” akasema, mdomo umejaa. “Na mimi ni mgonjwa.”

Mama mkwe akanitazama kwa jicho lile analotumia kuchagua matikiti. Akasema Awni amepimwa, daktari amesema. Mimi je, nani amesema? Nikajibu mwili wangu umesema. Akasema mwili wangu umekuwa ukisema hayo tangu siku ya posa.

Basi sina budi kupimwa haraka. Nimemwomba Inaam tufuatane Jumapili, asikie kwa masikio yake na ayafikishe kwa mama yake neno kwa neno. Mimi nikienda peke yangu sitaaminiwa. Akasema ana nguo za kufua. Nikasema nguo hazikimbii. Akasema pia hazijifui. Nikamwambia, Umm Majdi, mumeo ni mgonjwa. Akavuta pumzi ndefu kama aliyepanda mlima, ilhali ameketi. Amekubali.

Jumapili, 27 Oktoba

Maabara.

Daktari Lubna ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Akaniuliza najisikiaje. Nikalegeza shingo. Nikamwaga yote niliyojifunza: uchovu, kizunguzungu, kukosa pumzi, moyo kudunda, hata nywele kukatika, ingawa kwangu zilishamaliza kukatika zamani. Akaandika. Nikaona namshawishi vizuri.

Kisha akaitoa sindano.

Hapa nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Niliogopa kama mtoto. Haya hayakuwa maigizo. Nikasema labda turudi siku ya baridi, damu ikiwa imetulia. Inaam akakunja mkono wa gauni lake. “Nichomeni mimi kwanza,” akasema, “aone kwamba watu hawafi.”

Daktari Lubna akaushika mkono wake. Akaushikilia hapohapo. Akazitazama kucha, zimebonyea katikati kama vijiko vidogo. Akaivuta chini kope ya jicho lake. Ndani palikuwa peupe kama ganda la yai. Nimeishi na jicho hilo tangu ujana wangu na sijawahi kutazama ndani.

Akamuuliza kama anachoka. Inaam akasema nani hachoki. Akamuuliza akipanda ngazi. Inaam akanitupia jicho. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama anapenda kutafuna barafu.

“Wewe umejuaje?” akauliza mke wangu.

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Daktari hakucheka. Akajaza vichupa vya Inaam kwanza, akasema vitapimwa vyote, chuma, B12, D, na damu yenyewe. Ndipo akaja kwangu. Sikumbuki sana. Wameniambia nilizimia kwa heshima, bila kupiga kelele.

Jumatatu, 28 Oktoba

Majibu.

Mimi sina upungufu wa kitu chochote. Chuma tele. B12 tele. Vitamini D, baada ya mwavuli wote ule, tele! Daktari Lubna amesema hajaona damu kama hii kwa mtu wa umri wangu, ni damu ya fahali, na aliyenizaa apewe hongera. Amenishauri niache kulala mchana, huenda ndiko kunakonichosha.

Sikupata nafasi ya kusikitika.

Inaam ana nusu tu ya damu anayotakiwa kuwa nayo. Akiba ya chuma hakuna, imekombwa mpaka chini; hata ile hamu ya barafu ni dalili yake. Daktari akaeleza polepole. Moyo wake umekuwa ukikimbia ili damu hiyo kidogo itoshe mwili mzima, na moyo ukikimbizwa hivyo mwisho hushindwa. Akasema tungekawia mpaka majira ya kuchipua, angeletwa amebebwa.

Halafu akaniomba nitoke kidogo. Nikasimama ukumbini. Waliponiita, Inaam alikuwa amejifuta machozi. Kumbe amekuwa akivuja damu nyingi kila mwezi, kwa muda mrefu, na akanyamaza. Alidhani ndiyo umri. Alidhani wanawake wote huwa hivyo. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema kila alipotaka kuniambia nilikuwa nimelala.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana limeniingia.

Jumatano, 30 Oktoba

Hospitali. Amewekewa dripu ya chuma, maji meusi kama chai iliyosahaulika jikoni, yanashuka tone kwa tone. Daktari wa wanawake ameuona uvimbe mdogo kwenye mji wa mimba. Si mbaya, amesema. Una dawa, na dawa ikishindwa unaondolewa. Nikamwomba alirudie hilo la si mbaya. Akalirudia. Nikamwomba tena. Inaam akaniambia nimwache daktari wa watu afanye kazi.

Nimeketi kando ya kitanda nayahesabu matone na kushukuru kwa kila tone. Niliishiwa maneno mapema, nikawa nasema alhamdulillahi tu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kuniitikia.

Jioni ameingia mama mkwe. Amekuja moja kwa moja kwangu, nikajikinga uso kwa mazoea. Akanibusu paji la uso! Akasema anajua nilichofanya. Kwamba nilimwona binti yake anadhoofika, nikajua hatakubali kupimwa, ndipo nikajifanya mgonjwa ili nimfikishe kwa daktari kwa hila. Hata nyama nikajinyima! Akasema tangu leo mimi ni mwanawe.

Nikamwachia kiti changu.

Awni alikuwa nyuma yake na mayai mawili ya kuchemsha mkononi. Hakupewa hata tabasamu. Mungu anisamehe, hilo pia nimelishukuru.

Ijumaa, 1 Novemba

Nipo kwenye ngazi.

Mtu mwenye damu ya fahali, na mkewe akiwa kwenye kiti, apande nani? Hajja Fidda mwenyewe aliisimika ngazi, akanikabidhi reki ya kuchumia kama anayekabidhi upanga. Nimechuma miti yangu, nimechuma miti ya Inaam, kisha wakakumbuka kwamba Awni naye ni mgonjwa, nikachuma yake.

Mchana, wengine walipokuwa wakila mkate na zaatar, yale majani makavu yenye ufuta, nilishuka nikaketi chini kando ya kiti cha Inaam. Mashavu yake yalikuwa na rangi kidogo, au ni jua. Nikaona ni wajibu wangu. Nikaanza kusema kwamba ile habari ya hila, mama yako, yaani mimi kwa kweli sikuwa...

“Najua,” akasema. “Ulikuwa unakimbia zeituni.”

Nikauliza amejua lini. Akasema tangu kijiko cha pili.

Nikauliza mbona basi alikubali kufuatana nami maabara. Akasema siku ile alikuwa amechoka mno, hata kubishana nami hakuweza, na kwenye ukumbi wa maabara alijua kutakuwa na kiti. “Nilikuja kukaa, Abu Majdi. Nilitaka tu mahali pa kukaa.”

Nikauweka mkate chini, nikajifuta macho. Akanipigapiga bega, akasema nisilie mbele ya Awni, atasema ni upungufu. Akasema hana kinyongo. Uvivu wangu umemsumbua miaka yote hii, na mara moja tu umekwenda mahali pa maana, naye yumo ndani ya mara hiyo moja, basi ashukuru.

Nikapanda ngazi tena bila kuambiwa. Nikadondoka jioni. Turubai lilikuwepo. Wamecheka, na Inaam amecheka kuliko wote, na pumzi haikumkatika. Ningeweza kudondoka tena.

Jumamosi, 16 Novemba

Alhamdulillahi, na nairudia, alhamdulillahi. Leo Inaam amepanda kutoka barabarani hadi mlangoni bila kuketi. Nilimfuata nyuma na vikapu, mimi ndiye niliyetazama mandhari. Barafu haitafuni tena. Anasema hata haelewi alikuwa anapenda nini. Chai hanywi na chakula, na nami simnyweshi. Mtungi wa gesi naubeba mimi. Nimeacha kulala mchana, isipokuwa siku nikilala.

Mimi ni mtu mpya kabisa.

Sasa, baridi inaingia, na mazulia yote ya msimu yanatakiwa yapandishwe darini, yapigwe fimbo vumbi litoke, yateremshwe, yatandikwe. Yetu na ya mama mkwe, maana sasa mimi ni mwanawe. Nimekwenda kumwita Awni tusaidiane. Nimemkuta amejifunga kitambaa puani. Mzio! Daktari wa pua amesema asikaribie vumbi. Alipiga chafya moja mbele yangu, mkewe akamletea mto.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Nikajifungia chumbani na kikopo cha pilipili manga. Kidogo tu, pua ya kushoto.

Chafya haikuja. Yamekuja machozi, mito na mito! Inaam akaingia kutafuta pilipili yake, akanikuta nalia hivyo, nimeficha kikopo chini ya paja. Akasimama. Akanijia, akanikumbatia kichwa, akasema yaliyopita yamepita, yeye ni mzima, niache kulia. Akasema mazulia yasubiri mpaka kesho.

Nilikuwa na furaha ya kweli mle kifuani mwake. Moyo wake unadunda polepole, kama mtu asiye na haraka.

Kesho nitajaribu pua ya kulia.