Honi ya Mwisho Stesheni ya Kigoma

Jumatatu, 8 Juni

Msiba! Kile kichwa cha treni kikuukuu, chenye rangi iliyobabuka na honi ya kukohoa, kinastaafu. Alhamisi kinavuta mabehewa ya abiria mpaka Tabora, kinaingizwa karakana, hakirudi. Chai imenishinda. Kichwa hicho ndicho kilichonileta hapa nikiwa mdogo, kutoka Uvinza, nimekaa juu ya gunia la chumvi la marehemu mama. Nilipoliona ziwa mara ya kwanza nilidhani mbingu imeanguka.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jioni ukaingia ujumbe wa Kelly, kijana aliyekulia Kasulu ambaye sasa yuko Kanada. Anatengeneza njia za reli za mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta. Sisi wa kundi la simuleta, yaani michezo hiyo, tunamheshimu kama askofu. Amesema mwaka huu ana nafasi ya njia moja tu ya Tanzania. Atakayemletea sauti halisi ndiye atakayemsikiliza.

Njia ni yetu! Kigoma, Luiche, Kazuramimba, Uvinza! Kikwazo ni Selestini, fundi simu wa ng'ambo ya barabara. Yeye anataka treni ya umeme. Ameandika kundini kwamba hakuna atakayekaa mbele ya kompyuta kuhangaika na treni yenye pumu. Pumu! Nimemjibu kwa picha ya kobe. Baadaye nikagundua kobe anamsaidia yeye.

Jumanne, 9 Juni

Nimekwenda stesheni kurekodi. Kichwa kimezimwa, kimya kabisa. Nikakikumbatia kidogo. Mlinzi, Mzee Mwinshehe, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema bado, ila ni karibu. Akanitoa nje kwa heshima, kanishika mkono kama mgonjwa.

Gloriose, mke wangu, ameuliza kwa nini shati langu jeupe lina grisi kifuani. Nikasema ni kazi. Akauliza kazi gani. Nikaenda kuoga.

Jumatano, 10 Juni

Nimepata! Watu wakiona simu inarekodi hubadilisha sauti, wanaongea kama watangazaji. Kwa hiyo simu ifichwe. Honorata, yaani Mama Scola, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, anasafiri kesho na matenga yake. Nitaificha simu ndani ya tenga pale stesheni, nitanasa honi, kisha nitaitoa kabla tenga halijapakiwa. Rahisi mno. Nimelala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilifika mapema. Nikamsalimu Mama Scola kwa Kiha, mwakeye, kumlainisha. Akaniomba nimlindie matenga akanunue maji. Bahati ilioje! Nikawasha kinasa sauti, nikaizamisha simu chini ya dagaa, nikasogea pembeni nisiharibu sauti.

Hapo akatokea Selestini. Amekuja kupiga picha za kutu, akamwonyeshe Kelly. Tukaanza kubishana. Nilikuwa nambana kwelikweli! Sikuona hata wapagazi walipopita. Nikiwa katikati ya hoja yangu bora, honi ikalia. Ile ile, ya kukohoa! Wamama wakapunga kanga, Mzee Mwinshehe akapiga saluti, hata Selestini akavua kofia. Nikapunga mkono machozi yakinitoka. Nikapunga mpaka behewa la mwisho likapotea.

Ndipo nikaikumbuka simu.

Nimekimbia relini mpaka mbavu zikagoma. Mzee Mwinshehe kanitoa tena, safari hii bila heshima. Ikabidi nimwombe Selestini simu yake. Akasema kwanza nitamke mbele ya watu kwamba treni ya umeme ina mwendo. Nikatamka. Nikapiga namba yangu. Ikaita sana, kisha ikapokelewa.

"Nani wewe uliye ndani ya dagaa wangu?"

"Ni Erasto, Mama Scola. Shikamoo. Usiitupe!"

"Behewa zima limekimbia! Mchungaji Pastory amelikemea tenga langu kwa jina la Yesu! Sasa nani atanunua dagaa waliokemewa?"

Akakata. Selestini alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 12 Juni

Nimemsimulia Gloriose yote. Alisikiliza kwa upole. Kisha akasema, "Mana yanje, Mungu wangu! Si ungekata tiketi ukapanda mwenyewe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia hajui mambo ya sauti.

Jumapili, 14 Juni

Mama Scola amerudi na simu. Inanuka. Paka wa mtaa wote wamenisindikiza nyumbani. Dagaa waliuzika, anasema, maana Tabora walisikia kwamba wameombewa.

Rekodi ilikatika pale nilipopiga, karibu na Luiche. Lakini iliyopo! Magurudumu, mlango unaogongagonga, Mama Scola anatangaza dagaa na migebuka behewa zima. Abiria mmoja anauliza hicho kichwa kitafanywa nini huko karakana. Mama Scola anamjibu kwamba wakiache kipumzike, kimefanya kazi kuliko waume zetu. Watu wanacheka. Kisha honi kwa mbali, inaitikia.

Nimemtumia Kelly bila kusikiliza mwanzo wake. Mwanzo ni mwanzo tu.

Jumatano, 17 Juni

Kelly amejibu kwa sauti, kundini, kila mtu kasikia. "Kaka Erasto, niliisikiliza kwenye basi, nikashuka kituo kisicho changu. Yule mama anayeuza nimemsikia kama mama yangu mzazi. Njia ni Kigoma–Uvinza."

Ushindi!

Ila mwanzo wa rekodi kuna mtu ananong'ona ndani ya dagaa, na sauti ni yangu: "Erasto, akili hizi Mungu alikupa bure." Kelly ameipenda, ataiacha kwenye mchezo. Selestini alivuka barabara kunipa mkono. Akakiri honi ile ndiyo iliyomvua kofia. Kisha akaniambia, "Akili hizi Mungu alikupa bure." Mtaa mzima sasa unanisalimia hivyo, na mimi naitika.

Mama Scola anawaambia wateja wa Kibirizi kwamba amewekwa kwenye kompyuta. Bei haipunguzi tena.

Jumamosi, 27 Juni

Mchezo wa majaribio umefika! Tumekusanyika kwangu: Gloriose, Selestini, Mama Scola, Mzee Mwinshehe. Honi ilipolia, Mzee Mwinshehe akasimama, akakaa, akafuta miwani. Nikaendesha mimi. Tuliondoka Kigoma vizuri. Luiche sikusimama. Abiria walibaki na mizigo yao, treni ikatulia mbele, katikati ya mihogo. Selestini anasema nilichelewa kufunga breki. Uongo. Luiche iliwahi.

Gloriose akaomba kujaribu. Akasimamisha treni stesheni taratibu, kama anayelaza mtoto. Wakampigia makofi. Bahati ya mgeni.

Ila leo nimetambua jambo: kipaji changu kimezidi kompyuta. Jumatatu naenda stesheni kuomba kazi ya udereva wa treni yenyewe. Mzee Mwinshehe amesema hapana kabla sijamaliza kuongea. Lakini yeye ni mlinzi wa geti tu, na upande wa karakana ukuta ni mfupi.