Mama Mkwe Kapita Mara Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika! Binti wa manispaa kaweka kiti mbele ya banda langu la kuoshea magari. Kashika kidude cha kubonyeza, anahesabu waenda kwa miguu. Siku tatu. Mke wangu kasema nimuulize anahesabu za nini. Nimuulize! Hata mtoto anajua: penye watu wengi ndipo serikali hutia lami. Naosha gari linameta, likifika kona limejaa vumbi, mteja anarudi na matusi. Bila lami nitafunga banda.

Jumanne, 4 Machi

Nimekusanya ukoo. Mashemeji, shangazi, binamu, hata mama mkwe na magoti yake mabovu. Kazi yao kupita, kuzunguka nyuma ya shule, kupita tena. Mama mkwe kabadilisha mtandio mara saba, kapita mara arobaini! Kisigino, yule fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliyenishinda uenyekiti wa mtaa, kaenda kumuuliza binti jambo. Karudi anacheka peke yake. Mwache acheke.

Jumatano, 5 Machi

Makubwa! Kisigino naye kaleta watu wake wapite. Yaliyopita si ndwele, kaniambia. Nikamsamehe. Binti kabonyeza mpaka kidole kimemvimba.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeibwaga mitaa yote! Tangazo limebandikwa: lami, miti, mabenchi. Niliruka, nikamkumbatia Kisigino. Ndipo mke wangu akasoma mstari wa mwisho kwa sauti. Kwa ajili ya afya ya wakazi, mtaa utakuwa wa waenda kwa miguu tu. Magari marufuku kuanzia mwezi ujao.

Nilikaa juu ya ndoo. Mwosha magari, mtaa hauna magari! Mke wangu kasema si alisema. Kasema mara tatu. Kwa Kisigino viatu vimejaa mpaka mlangoni, soli zimelika kwa kupitapita nilikoamuru mimi. Vya mama mkwe viko juu kabisa. Magoti yake yamepona, ananiombea dua. Nimeumia, sifichi.

Jumatano, 19 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Nimehamishia ndoo barabara ya pili. Magari tele. Saa mbili asubuhi kaja binti yule yule, kiti kile kile, kidude kile kile. Safari hii anahesabu baiskeli. Mke wangu kasema, jamani, baba, muulize.

Nina wakati wa kuuliza? Nimeshaazima baiskeli kumi na nne. Mama mkwe kasema atajifunza.