Kompyuta Sita na Ngamia wa Mzee Sugow

Jumatatu, 8 Machi 1999
Hatimaye! Kompyuta sita za tawi letu la utafiti wa mifugo nimeziunganisha, sasa zinafanya kazi kama mtambo mmoja. Kumbukumbu yake haina mfano Garissa nzima. Profesa, mkuu wetu, anakuja Jumatatu ijayo kutoka makao makuu Nairobi. Akikuta mtambo unahesabu ngamia wa wilaya yote, nafasi ya huko ni yangu. Miaka minne ya joto hili yatosha! Kaltun, karani wetu, ameuliza nitatia nini humo. Nikasema takwimu. Akaguna tu. Wivu huo.

Jumatano, 10 Machi
Soko la mifugo tangu asubuhi. Nimemwuliza mzee Sugow ana ngamia wangapi. Akasema wapo, alhamdulillahi. Nikamkaza: wangapi hasa? Akanikagua kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mwalimu Muriuki, wewe mwizi ama wewe serikali?"

Wenzake wakaokota fimbo zao, wakahamia upande wa pili wa soko. Niliowafuata huko wote wamejibu "kiasi". Kaltun ananiambia hapa mtu haulizwi idadi ya mifugo yake, ni kuita jicho la husuda. Ushirikina mtupu! Mtambo hauna macho.

Alhamisi, 11 Machi
Akili ni mali! Nimetangaza nusu kilo ya sukari kwa kila atakayetaja idadi. Foleni hadi barabarani. Mtu wa kwanza alisema saba, akapewa. Wa pili saba. Wote saba! Hata Mwikali, muuza nyanya kutoka Kitui, ana ngamia saba. Nimeingiza yote. Namba ni namba.

Jumamosi, 13 Machi
Kaltun hakufika kazini. Nimemkuta kisimani, anakunywa chai na kina mama, anauliza zamu ya maji ya leo ni ya nani na mifugo yake imekunywa kwa muda gani. Anaandika kwenye daftari la shule! Nimempa barua ya onyo. Uvivu siuvumilii.

Jumatatu, 15 Machi
Siku mbaya. Mtambo umekoroma dakika arobaini, umeme ukakatika mara mbili, kisha jibu likatoka: saba. Profesa akauliza saba nini. Nikamweleza ni wastani. Akapitia orodha, akauliza ni nani huyu muuza nyanya aliyeandikwa mfugaji. Nikajifanya natafuta kalamu.

Kaltun akampa daftari. Kwa saa za kunywesha amekadiria mifugo ya kila boma, bila kumwuliza mtu idadi. Profesa amelisoma akiwa amesimama, mpaka chai yake ikapoa. Kaltun anakwenda Nairobi Jumamosi. Nairobi yangu! Mimi nimepelekwa Takaba, mbali zaidi kaskazini. Nimeumia, nakiri.

Jumanne, 16 Machi
Nimetafakari usiku kucha, nimelipata kosa. Kumbukumbu ilikuwa ndogo! Nimeandika barua kuomba kompyuta kumi na mbili. Takaba nasikia ngamia ni wengi kupita hapa. Nikishuka tu kwenye lori, namkamata mzee wa kwanza nitakayemwona, namwuliza ana wangapi hasa.